Uji wa Asubuhi ya Mzani

Muuguzi wa kliniki yetu alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongoza kwaya. Alipomtundika mtoto kwenye mzani na mshale ukatulia, aliutamka uzito kwa nguvu ili mwenzake aliyekaa mezani auandike kwenye daftari, na sisi kina mama tuliobanana kwenye mabenchi tuliusikia wote. Hakuwa na nia mbaya, ndivyo kazi ilivyokwenda pale. Lakini mimi, kila mwezi siku ile ilipokaribia, nilianza kuiogopa siku mbili kabla.

Binti yangu alikuwa na miezi kumi na moja, mtoto wangu wa kwanza. Tulipanga vyumba viwili mtaa wa Maisaka, na ukuta mmoja tu ulitutenga na jirani yangu, mama aliyehamia Babati kutoka Moshi kwa ajili ya kazi ya ofisini ya mume wake. Yeye alikuwa na mtoto wa kiume aliyezaliwa wiki moja kabla ya wangu. Wiki ile moja ndiyo iliyoniponza. Angekuwa na mtoto wa miaka mitano ningemsalimia asubuhi na jioni, tukaazimana chumvi, yakaishia hapo. Lakini watoto walikuwa sawa, kwa hiyo kila alichofanya wa kwake nilikigeuza kuwa swali kwa wa kwangu. Wake alikaa mwenyewe kabla ya wangu. Wake aliota meno manne wangu akiwa na mawili. Wake alikuwa na mikunjo ya mapaja inayohitaji kupanguswa mmoja mmoja baada ya kuoga.

Na nyumba yake! Saa moja asubuhi uwanja wake ulikuwa umefagiliwa na kunyunyiziwa maji ili vumbi lisiruke, na nepi zilikuwa kwenye kamba, nyeupe kiasi kwamba nilikuwa nikitoka nje nazitafuta kwanza kwa macho ili siku yangu iharibike mapema. Kisha aliweka picha kwenye simu: bakuli la uji wa lishe, parachichi lililopondwa, mtoto na kitambaa safi shingoni. Nilizitazama zote. Nilikuwa nimezima ile alama inayomwonyesha mtu nani katazama, kwa hiyo nilizitazama kwa siri, mara tatu tatu, huku naendesha cherehani.

Mimi nashona sare za shule. Cherehani yangu ilikaa mlangoni pa sebule kwa sababu hapo ndipo penye mwanga, na vipande vya kitambaa vilitapakaa mpaka chini ya kitanda. Makande yangu yaliungua mara mbili kwa wiki. Mume wangu ni fundi ujenzi, na wakati huo alikuwa Kiteto kwenye jengo ambalo halikuwa linaisha. Mimi pia si mpole. Mtu akiniuliza mbona mtoto wako mdogo hivi, namjibu jibu la kumfanya asirudie, halafu naingia ndani nalia. Sikuwa namchukia jirani yangu. Nilikuwa namwogopa. Niliogopa kwamba kwa kukaa tu pale upande wa pili wa ukuta alikuwa anathibitisha kile nilichokuwa najiambia kimoyomoyo tangu nijifungue, kwamba mimi umama siuwezi, na kwamba ipo siku mtu atalisema hilo kwa sauti.

Mwezi uliotangulia tulikwenda kliniki pamoja. Mtoto wake alipimwa kwanza. Kilo kumi na pointi nne, muuguzi akatangaza, na mama mmoja nyuma yangu akasema mtoto huyo ni mzigo. Akaja wangu. Saba na pointi sita. Muuguzi aliweka alama kwenye kadi, akanionyesha kwa kalamu kwamba iko kwenye rangi ya kijani, akasema mtoto anafuata mstari wake vizuri, niendelee hivyo hivyo. Nakumbuka maneno hayo leo, lakini siku ile hayakuingia. Kilichoingia ni mama wa nyuma yangu alipouliza watoto wetu wamepishana miezi mingapi. Jirani yangu akajibu kwa upole kwamba ni wiki moja, na benchi zima likanyamaza.

Mwezi uliofuata ukawa wa vita. Niliongeza karanga kwenye unga, nikaongeza ulezi, nikaongeza maziwa. Mtoto alikunywa vijiko vitano vya uji akafumba mdomo. Nilibembeleza, niliimba, niliruka mbele yake kama mwendawazimu, na mwisho nilimkaripia, mtoto wa miezi kumi na moja, nikamwambia anataka watu waseme nini. Aliutema uji kwenye gauni langu akacheka.

Nilimpigia simu mama yangu mzazi. Yeye hakuona tatizo liko wapi. Alisema mtoto haombwi, ananyweshwa kwa mkono, na kwamba sisi sote watano tulinyweshwa hivyo na hakuna aliyekufa. Nilijua anachokisema kwa sababu nilimwona akiwanywesha wadogo zangu. Unamlaza mtoto chali mapajani, unakunja kiganja cha kushoto kama kikombe chini ya mdomo wake, unamimina uji hapo, na akigoma unambana pua kidogo. Akifungua mdomo avute hewa, uji unaingia. Wadogo zangu walikuwa wakipiga kelele na kupiga mateke, halafu wanalala tumbo limejaa, na mama anasema umeona. Kliniki walitukataza jambo hilo waziwazi. Kwa wiki tatu sikulifanya.

Siku ya mzani niliamka na wazo ambalo hata kuliandika naona aibu. Niliwaza kwamba uji nao una uzito. Kikombe kikubwa kikiwa tumboni wakati mtoto ananing'inia pale, na kingine nusu juu yake, mshale utasogea, na sauti ile ya kwaya itatangaza namba nyingine. Mtoto hatakuwa amenenepa, hilo nililijua, mimi si mjinga. Nilitaka tu namba ya kusikika kwenye mabenchi.

Ilikuwa Julai, na baridi ya Babati mwezi huo inaingia mpaka kwenye mifupa. Ukungu ulikuwa umeufunika mlima wote wa Kwaraa. Nilikaa kwenye kigoda jikoni, nikamfunga binti yangu kanga ili mikono isitoke, nikamlaza mapajani. Kikombe cha kwanza kiliingia kwa shida lakini kiliingia. Kwenye cha pili alianza kujinyonganyonga na kulia. Nilisikia upande wa pili wa ukuta jirani yangu akimwita mwanawe kwa jina, anacheka naye, na mkono wangu ukapata nguvu ambayo haikuwa na kazi pale. Nikambana pua.

Alivuta hewa na uji kwa pamoja. Kilio kilikatika katikati. Macho yalimtoka, mdomo uko wazi, na hakuna sauti yoyote iliyokuwa inatoka. Midomo yake ilianza kugeuka rangi. Sijui nilimgeuza vipi, najua tu kwamba nilimlaza kifudifudi kwenye mkono wangu nikampiga mgongoni, nikampiga tena, na kanga ile niliyomfunga mwenyewe ilikuwa inanizuia. Uji ulitoka puani. Kisha kikohozi, kisha kilio, kidogo na kilichokwaruza. Nilikaa sakafuni nikiwa nimemkumbatia, kijasho kinanitoka katika baridi ile, nikimwambia samahani, samahani mama, samahani.

Mtu mwenye akili angekwenda hospitali. Mimi nilimbadilisha nguo nikaenda kliniki. Nilijiambia kwamba amelia, kwa hiyo anapumua, kwa hiyo yamekwisha. Nane na pointi moja, muuguzi akatangaza, akanipongeza, na jirani yangu akanigusa bega akasema ameongezeka kweli. Nilitabasamu. Nilifurahi, na hilo ndilo linalonitisha zaidi nikikumbuka. Kwa dakika kama kumi, nikiwa na mtoto aliyekuwa na uji kwenye mapafu, nilikuwa mwanamke mwenye furaha.

Saa tisa alasiri alikuwa wa moto. Alikuwa analala na kuamka, na kifuani palikuwa na mlio mdogo kama wa karatasi inayokunjwa. Jirani yangu ndiye aliyegundua. Alikuja kuniletea ndoo niliyomwazima, akamtazama mtoto mikononi mwangu, akaiweka ndoo chini.

"Dada, huyu anapumua haraka mno," alisema. "Vaa viatu, naita bajaji."

Njiani alinishikia mkoba. Mwanawe alikuwa amembeba mgongoni, amelala. Tulipofika hospitali, daktari, kijana mpole, aliniuliza ilianza lini na ilianzaje. Chumba kile kilikuwa na kina mama wengine watatu, na jirani yangu alisimama karibu nami kiasi cha mabega yetu kugusana. Nilijibu kwamba ni mafua, alianza kukohoa tangu juzi. Uongo ulitoka bila kukwama, kama salamu. Daktari aliandika mafua, kikohozi siku mbili, homa. Tukalazwa, wakaanza kumpa dawa, na muuguzi wa wodi akaniambia nisiache kumlisha, nimpe uji na maziwa kidogo kidogo kwa kijiko.

Usiku ule simwelezi mtu. Asubuhi niliona hali haijabadilika. Nilimpa vijiko viwili vya uji kama nilivyoelekezwa, akakohoa, na baada ya kile kikohozi ngozi ilianza kuingia ndani katikati ya mbavu kila alipovuta pumzi. Pua zilikuwa zinapanuka. Hakuwa analia tena. Nilikuwa na hofu ya aina mbili, na nasema ukweli hazikuwa zimepishana sana. Moja iliniambia mwanangu anakufa. Ya pili iliniambia watajua.

Jirani yangu aliingia na chupa ya chai na mkate, amemwacha mtoto kwa mwenye nyumba wetu. Alikaa pembeni ya kitanda akaanza kunimiminia. Wakati huo huo daktari akafika na muuguzi mkuu wa wodi, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Daktari alimsikiliza mtoto kifuani, upande wa kushoto, kisha wa kulia, akabaki upande wa kulia muda mrefu. Alisema dawa hazifanyi kazi alivyotarajia. Akaniuliza kama mtoto aliwahi kupaliwa na kitu chochote siku hizi mbili, karanga, punje ya hindi, maziwa, chochote.

"Hapana," nilisema.

Aliuliza tena kwa namna nyingine, nami nikatikisa kichwa. Jirani yangu alikuwa ameshika kikombe cha chai, ananisubiri nikipokee. Kitanda cha pili mama mmoja alikuwa ameacha kunyonyesha ili asikie. Daktari aligeuka, akaanza kuandika kitu kingine, na nikamwona mwanangu akivuta pumzi, mbavu zote zikijichora, halafu akakaa bila kuvuta nyingine. Nilihesabu. Nilifika nne. Alipovuta tena nilikuwa nimeshashika koti la daktari.

"Nilimnywesha uji kwa nguvu," nilisema. "Kwa kiganja. Nilimbana pua akapaliwa, akawa wa bluu. Ni jana asubuhi, siyo juzi. Hakuwa na mafua."

Nikadhani sijaeleweka, kwa hiyo nikaendelea, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko ya muuguzi wa kliniki. Nilisema nilitaka awe mzito kwenye mzani. Nilisema nilitaka amfikie mtoto wa huyu, nikamwonyesha jirani yangu kwa kidole, kama vile ni yeye aliyefanya. Wodi nzima ilisikia. Niliyasema yote niliyokuwa nimeyaficha kwa mwaka mzima, na muda wote huo macho yangu yalikuwa kwenye mbavu za mtoto.

Daktari hakunikaripia. Aliniuliza maswali matatu ya haraka, ni uji wa aina gani, ulitoka puani au mdomoni, alikaa muda gani bila kulia. Nikajibu. Kisha mambo yakaenda mbio. Walimhamishia karibu na mashine ya oksijeni, wakabadilisha dawa, wakampitishia mpira mwembamba puani mpaka tumboni ili asipewe kitu chochote mdomoni. Muuguzi mkuu alikitwaa kikombe changu cha uji na kijiko chake kutoka kwenye kabati la kitandani.

"Jana tulikuambia umlishe kwa mdomo," alisema taratibu, bila kunitazama. "Kila kijiko ulikuwa unamwongezea. Ungetuambia jana, mama."

Maneno hayo ninayo mpaka leo. Nikiwa nashona, nikiwa kanisani, nikiwa natembea kwenda sokoni, yanakuja.

Nilipogeuka, jirani yangu hakuwepo. Chai ilikuwa imeachwa juu ya kabati, inatoa mvuke. Nilielewa. Nilijua kwamba kabla ya adhuhuri Maisaka yote itakuwa na habari, kwamba kwenye kundi la kina mama kwenye simu watanijadili bila kunitaja, na kwamba kliniki nitakapoingia mabenchi yatanyamaza kwa sababu nyingine. Niliingoja aibu inishike. Nilikaa kwenye kiti kando ya mashine, mkono wangu kwenye mguu wa mwanangu, nikaingoja, lakini haikupata nafasi. Kila nilipoanza kumfikiria jirani yangu, kifua kile kidogo kilipanda, na nikasahau nilichokuwa nafikiria. Sikuwa na akili ya ziada ya kumpa mtu mwingine.

Alirudi mchana. Alikuwa na beseni. Alisimama mbele yangu akatazama chini ya kitanda, ambako nilikuwa nimesukumia nguo zote chafu, zenye matapishi na uji uliokauka, na nepi zangu ambazo hazijawahi kuwa nyeupe tangu ziliponunuliwa.

"Nipe nikufulie," alisema.

Siku nyingine yoyote ningekufa kwanza kuliko kumpa mwanamke yule nguo zile. Nikainama chini ya kitanda nikazivuta zote, nikamwekea kwenye beseni moja moja, chafu zikiwa juu. Hakusema neno juu ya asubuhi ile, si siku hiyo wala baadaye. Sijui aliondoka kwa hasira, au kwa woga, au alikwenda tu kumnyonyesha mwanawe. Sijui kama alimsimulia mtu. Kwa muda nilitaka kumuuliza, halafu nikaona kwamba jibu lolote atakalotoa halina pa kuniingilia.

Tulikaa wodini siku tisa. Siku ya nne pumzi ilianza kutulia. Mume wangu alifika kutoka Kiteto akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, nikamweleza kila kitu palepale kwenye korido kabla hajamwona mtoto, kwa sababu niliogopa kwamba nikisubiri nitaanza kuremba. Alijipangusa vumbi usoni kwa mkono wa shati. Kisha akaomba kumwona. Mama yangu nilimwambia kwa simu, akaniuliza kama nina hakika ni uji, nikasema nina hakika, akakata. Hajawahi kurudi kwenye jambo hilo, na anapokuja sasa anamwachia mtoto kikombe chake mwenyewe na kwenda kukaa mbali.

Kliniki iliyofuata tulitangazwa saba na pointi moja. Nilisikia namba, nikamuuliza muuguzi maana yake kwa mtoto aliyetoka kuumwa, akanieleza, nikamsikiliza mpaka mwisho. Mtoto wa jirani yangu alipimwa baada yetu. Alikuwa na kilo ngapi sikumbuki, na nilikuwa nimekaa palepale.

Nisije nikadanganya watu kwamba woga umekwisha. Umehama tu. Naogopa baridi ya Julai. Naogopa mtoto akicheka na chakula mdomoni. Usingizini nikimsikia kakohoa, ninakuwa nimeshasimama kabla sijaamka.

Ana miaka mitatu sasa, mwembamba, mbishi, mwenye mbio. Anakula akitaka. Hakumbuki kitu, kila mtu ananihakikishia hivyo, alikuwa mdogo mno. Lakini asubuhi, ninapochota maji kwa kiganja ili nimnawishe uso, anafumba mdomo mpaka midomo inapotea, na mikono yake miwili inaukamata mkono wangu kwenye kifundo. Halii. Ananitazama tu. Maji yanavuja kati ya vidole vyangu mpaka yanaisha, nami nakaa hivyo hivyo, nimechuchumaa mbele yake, mpaka aniachie mwenyewe.